Ndama, nili na pumzi: vitabu vya nakshi vilivyotengenezwa

Kazi yangu ni kupanga kurasa. Ripoti za mwaka, kalenda, vijitabu vya semina, na mara moja moja riwaya ya mtu aliyeamua kujichapishia mwenyewe. Bajeti ikimbana mteja, cha kwanza kukatwa ni rangi: weka nyeusi na nyeupe tu, kwani si maneno ndiyo yanayosomwa? Siwalaumu. Katika biashara yetu rangi ni nyongeza, unaiweka ukiwa na uwezo nayo.

Labda ndiyo sababu nimenaswa na miswada ya Ulaya ya Zama za Kati, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono kabla ya mashine za uchapaji, ile iliyonakshiwa kwa dhahabu na rangi kali, ambayo maktaba kubwa zimeipiga picha na kuiweka mtandaoni ukurasa kwa ukurasa. Wanaoionyesha hupenda kutuambia tutazame uzuri, wakaishia hapo. Mimi nawaona watu wa fani yangu, waliofanya kazi kwenye baridi, bila umeme wala karatasi, waliokuwa na kila sababu ya kupunguza gharama na hawakupunguza. Hakuna anayechinja zizi zima kwa ajili ya pambo. Rangi ile ilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilibadilika kadiri karne zilivyopita.

Tuanze na hilo zizi, maana kurasa zao zilikuwa ngozi za wanyama.

Lindisfarne ni kisiwa kidogo kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Maji yakipwa unakifikia kwa miguu. Huko, mwanzoni mwa karne ya 8, ilitengenezwa nakala ya Injili nne ambayo leo inatunzwa British Library, London. Ina kurasa zaidi ya 500, na makadirio ya kawaida ni kwamba ilihitaji ngozi za ndama zipatazo 150. Majirani zao wa monasteri ya Wearmouth-Jarrow, alikoishi Beda mwanahistoria, walikuwa na mradi mkubwa zaidi: Biblia nzima tatu, kwa agizo la Ceolfrith, abate wao, yaani mkuu wa monasteri. Iliyosalia kamili ni moja, inaitwa Codex Amiatinus na iko Florence, Italia. Uzito wake ni kilo 34 hivi, na ngozi zake hukadiriwa kufika 500. Mwaka 716 Ceolfrith, mzee wa zaidi ya miaka 70, alifunga safari ya kuipeleka Roma kwa Papa. Alifia njiani, Langres, Ufaransa.

Ngozi hizo haziwi kurasa kwa kukaushwa tu. Ngozi mbichi hulowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yalegee, kisha hutandazwa juu ya gogo na kuparuliwa kwa kisu butu chenye mipini miwili. Baada ya hapo huwambwa kwenye fremu ya mbao, kama ngoma, ila kwa ufundi mwingine kabisa. Misumari haitumiki, maana ingeichana ikianza kujikunja. Fundi anachukua kijiwe, anakikunjia ndani ya ukingo wa ngozi, anafunga kamba shingoni mwa kile kinundu, na ncha ya pili ya kamba anaizungusha kwenye kigingi cha fremu. Anafanya hivyo kuuzunguka ukingo wote. Kisha anashika kisu chenye umbo la mwezi mwandamo na kuanza kukwangua. Umbo hilo lina maana yake: kisu cha kawaida kina pembe, na pembe itatoboa ngozi iliyokazwa. Anakwangua, anakaza vigingi, anakwangua tena, anaiacha ikauke ikiwa imevutwa hivyohivyo. Huko kukauka ikiwa imevutwa ndiko kunakotenganisha ngozi ya kuandikia na ngozi ya viatu.

Kidonda kidogo alichoachiwa ndama na mdudu kinafunguka hapo kuwa tundu la duara au la yai. Ngozi ilikuwa ghali mno kutupwa kwa sababu ya tundu, kwa hiyo mwandishi alilizunguka. Ukiangalia picha za miswada utaona mistari inayofika kwenye shimo, inaruka, na kuendelea upande wa pili, neno likiwa limekatwa katikati. Napenda kurasa hizo kuliko zile zilizokamilika.

Wasomaji wa kwetu hawapaswi kudhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Ulaya peke yake. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa nchini Ethiopia, kuna Injili zilizoandikwa kwa Kige'ez kwenye ngozi ya mbuzi, zenye picha za wainjili na matao ya rangi, ambazo vipimo vya kaboni viliziweka kati ya karne ya 4 na ya 7. Yaani zina uwezekano mkubwa wa kuwa kongwe kuliko kazi ya Lindisfarne, na bado zinatunzwa na watawa wenyewe.

Ngozi ikishakuwa tayari inakatwa, inakunjwa na kupangwa kwa vifungu, upande wa manyoya ukiangaliana na upande wa manyoya, na wa nyama na wa nyama, ili ukifungua kitabu kurasa mbili ziwe na rangi moja. Halafu vitundu vidogo vinatobolewa pambizoni kwa umbali sawa na mistari inachorwa kutoka kitundu hadi kitundu. Mwenzangu yeyote wa kompyuta ataitambua kazi hii: ndiyo ile gridi tunayoiweka kabla ya kumwaga maandishi. Wao hawakuifuta. Iko pale, na hakuna aliyeona aibu.

Wino ulitokana na vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni pale nyigu mdogo anapotaga yai. Vinundu vinapondwa, vinalowekwa, vinachanganywa na chumvi ya madini ya chuma, kisha inaongezwa gundi ya mgunga ili wino ushike kwenye kalamu. Kalamu ni unyoya wa bata bukini. Mkono wa kulia unaandika na wa kushoto umeshika kisu: kinachonga kalamu, kinakwangua makosa, na kinaikandamiza ngozi isiinuke. Picha nyingi za wakati ule za waandishi zinaonyesha mikono yote miwili ikiwa kazini.

Walilalamika kama sisi. Florentius, mtawa wa Valeránica huko Hispania, alipomaliza mswada mmoja mwaka 945 aliwaelezea wasomaji jinsi uandishi unavyotia ukungu machoni, unavyopinda mgongo na kuumiza mbavu na tumbo. Wengine walikuwa na msemo kwamba vidole vitatu vinaandika lakini mwili mzima unafanya kazi. Na kuna yule wa Deventer, Uholanzi, karibu mwaka 1420, aliyeacha mswada wazi usiku, asubuhi akakuta paka ameukojolea. Hakuificha aibu. Aliacha nafasi ile, akachora paka na mikono inayoonyesha doa, akaandika kwa Kilatini kwamba hapa hapakosekani kitu, ila paka alikojoa usiku mmoja, na alaaniwe paka huyo. Kisha akawaonya wenzake wasiache vitabu wazi mahali paka wanapoweza kufika.

Sasa rangi.

Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba buluu ya Lindisfarne ni lapisi lazuli, jiwe la buluu lililotoka milima ya Badakhshan, katika Afghanistan ya leo. Hadithi ilikuwa tamu: jiwe limevuka nusu ya dunia mpaka kisiwani kwa watawa. Vipimo vya mwanga wa leza vilivyochapishwa mwaka 2004 vikaonyesha kwamba buluu ile ni nili, rangi ya majani ya mmea uliootea hukohuko Ulaya. Njano ilikuwa madini yenye arseniki, nyekundu ilikuwa risasi iliyochomwa, kijani kilikuwa kutu ya shaba. Sumu karibu kila kibakuli. Binafsi nimemheshimu zaidi mchoraji baada ya taarifa hiyo. Kwa rangi chache za karibu na nyumbani, kuzichanganya na kuzipanga jirani, alipata kurasa ambazo watu walidhani zilihitaji misafara ya biashara.

Lapisi lazuli yenyewe ilikuja kutumika sana baadaye, na ilikuwa na kazi ngumu ya kuandaliwa. Ukilisaga tu jiwe hilo unapata unga wa kijivu, kwa sababu buluu imechanganyika na madini mengine. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika mwongozo wa ufundi karibu mwaka 1400, anaeleza njia yake: unga unakandwa ndani ya donge la utomvu wa msonobari, mastiki (utomvu wa mti mwingine) na nta, unaachwa siku kadhaa, kisha donge linakandwa kwa vijiti ndani ya maji ya majivu. Buluu inajitoa na kuzama chini; uchafu unabaki umenaswa kwenye nta. Maji ya kwanza yanatoa buluu nzito ya thamani kubwa, ya pili hafifu kidogo, na ya mwisho karibu majivu. Bei ilifuata mpangilio huohuo.

Mwaka 2019 kundi la watafiti lilichapisha jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Walikuwa wakichunguza ukoga mgumu kwenye meno ya mwanamke aliyezikwa katika jumuiya ndogo ya watawa wa kike huko Dalheim, Ujerumani, aliyefariki kati ya miaka 997 na 1162, akiwa na umri wa miaka 45 hadi 60. Ndani ya ukoga wakakuta chembe za buluu zaidi ya mia moja: lapisi lazuli. Maelezo yanayoonekana kuwa karibu zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji, akilamba brashi ili ncha yake iwe kali. Jumuiya yake haikuacha hata kitabu kimoja. Iliteketea kwa moto karne ya 14. Jina lake halijulikani. Ila meno yamesema alifanya kazi na buluu ya bei ya juu, katika kipindi ambacho watu walizoea kudhani kwamba kazi hiyo ilikuwa ya wanaume.

Dhahabu iliwekwa kabla ya rangi nyingine zote, maana inang'ang'ania popote penye unyevu na kuisugua kungeharibu picha iliyokwisha kupakwa. Kwanza kunajengwa kitako kidogo kwa jasi, risasi nyeupe, gundi, sukari kidogo na udongo mwekundu. Kikikauka kinasuguliwa kiwe laini. Kisha fundi anainama, anakipulizia pumzi ya moto mdomo ukiwa karibu kabisa, na gundi inalegea kwa sekunde chache. Ndani ya sekunde hizo karatasi ya dhahabu, nyembamba kiasi kwamba haishikiki kwa vidole, inashushwa na kukandamizwa. Baadaye inasuguliwa kwa jiwe laini au jino la mbwa lililofungwa kwenye mpini, mpaka ing'ae. Kwa kuwa kitako kimeinuka, dhahabu inapokea mwanga kutoka pembe nyingi. Picha ya skana haiwezi kuonyesha hilo. Ukurasa ulikusudiwa kusogea mkononi, au mshumaa uliokuwa mbele yake usogee.

Basi kazi ya haya yote ilikuwa nini? Sehemu ya jibu ni ya kawaida kabisa, na ndiyo inayonifurahisha kama mpanga kurasa. Vitabu vile kwa kawaida havikuwa na namba za kurasa. Ulifikaje mahali ulipotaka? Kwa rangi. Katika vitabu vya Zaburi herufi kubwa zenye nakshi zinaanzia Zaburi ya 1, 26, 38, 52, 68, 80, 97 na 109 kwa hesabu ya Biblia ya Kilatini, kwa sababu hapo ndipo zilipoanza sala za alfajiri za kila siku ya juma, kuanzia Jumapili, na ile ya mwisho kwa ajili ya jioni ya Jumapili. Mtawa aliyeamshwa gizani alifungua, akaona herufi ya Jumanne, akaanza. Herufi ya ukubwa wa kati ilianzisha zaburi nyingine, ndogo ilianzisha mstari. Wino mwekundu ulitenganisha maagizo na maneno ya kusomwa, kama misale, vitabu vya Misa vya altareni, zinavyofanya hadi leo, na kalenda zao ziliandika sikukuu kuu kwa rangi nyekundu. Nami kila Novemba napaka nyekundu tarehe za mapumziko kwenye kalenda za wateja, bila mtu kuniuliza kwa nini nyekundu.

Yale matao mazuri yenye nguzo mwanzoni mwa Injili ni majedwali. Eusebius wa Kaisaria aliyabuni karne ya 4 ili kuonyesha kisa fulani cha Mathayo kinapatikana wapi katika Marko, Luka na Yohana. Ni faharasa iliyovalishwa jengo.

Lakini faharasa haielezi ndama 150. Kwa Lindisfarne tuna jibu kwenye kitabu chenyewe. Miaka 250 hivi baadaye padre aitwaye Aldred aliongeza maelezo mwishoni: kitabu kiliandikwa na Eadfrith, askofu wa Lindisfarne, kwa ajili ya Mungu na Mtakatifu Cuthbert na watakatifu wote ambao masalia yao yako kisiwani, Ethelwald alikijalidi, na Billfrith, aliyeishi upwekeni kwa sala, akalipamba jalada kwa dhahabu na vito. Aldred huyohuyo ndiye aliyeandika tafsiri ya Kiingereza cha kale katikati ya mistari ya Kilatini, na ndiyo tafsiri kongwe ya Injili kwa Kiingereza iliyopo. Kazi ya Eadfrith basi ilikuwa sadaka. Aliyehudhuria Misa ya sikukuu Tanzania, akaona kitabu cha Injili kikiingizwa kwa maandamano na vigelegele, kikainuliwa na kubusiwa, ataelewa haraka kuliko profesa wa Ulaya: kitabu hicho ni cha kuonwa hata kabla hakijasomwa.

Kitabu cha Kells, kilichotengenezwa karibu mwaka 800 na ambacho sasa kiko Trinity College, Dublin, kinanithibitishia. Nakshi yake inashinda zote ninazozijua, lakini matini yake ni ya ovyo. Ukurasa mmoja mzima umeandikwa mara mbili, na badala ya kuufuta wakauwekea vialama vyekundu. Pale Mathayo 10:34 Yesu anaposema hakuja kuleta amani bali upanga, mwandishi kwa Kilatini ameandika “gaudium” badala ya “gladium”, hivyo Yesu wa Kells hakuleta amani bali furaha. Kosa hilo lilibaki. Kama padre angesoma kutoka hapo kila mwaka, mtu angelisahihisha. Nadhani walisoma kwa kichwa, au kwa kitabu kingine, na hiki kikakaa altareni. Mwaka 1007 kiliibwa kanisani usiku kwa sababu ya kasha lake la thamani, kikapatikana baada ya miezi miwili na siku 20 kikiwa kimefukiwa chini ya udongo wenye majani, dhahabu imeng'olewa. Mwizi hakuwa na haja na kilichoandikwa.

Kuanzia karne ya 13 kazi ikahama monasterini kwenda mitaani. Paris ilikuwa na wauza vitabu, wanakili na wachoraji waliokaa jirani, na kitabu kilitembea kutoka karakana hadi karakana. Mume na mke, Richard na Jeanne de Montbaston, walikuwa katika biashara hiyo. Richard alipofariki, Jeanne alikula kiapo mbele ya Chuo Kikuu cha Paris mwaka 1353 na kuendelea kwa jina lake mwenyewe. Katika pambizo za miswada ya aina hii yapo maagizo madogo kwa mchoraji: hapa mfalme, hapa mwanamke na mbwa. Mengine yalisahauliwa kufutwa.

Bidhaa iliyotoka sana ilikuwa kitabu cha sala za vipindi kwa walei, kidogo cha kushikwa mkononi, na wanunuzi wake wengi walikuwa wanawake. Hapa rangi inaanza kusema jambo lingine: mimi ni nani, na nimelipa kiasi gani. Kilele chake ni kitabu cha ndugu watatu wa Limbourg kwa Jean, mtawala wa Berry huko Ufaransa, chenye anga za lapisi lazuli juu ya makasri yake. Wote wanne, ndugu watatu na mteja wao, walifariki mwaka 1416 kikiwa hakijamalizika. Kitabu ni cha ajabu, lakini ninachokikumbuka zaidi ni zawadi ambayo ndugu hao walimpa bwana wao Mwaka Mpya wa 1411: kipande cha mbao kilichopakwa rangi kikafanana na kitabu, bila kurasa wala neno ndani. Kilihifadhiwa na kuorodheshwa miongoni mwa mali zake. Walimjua mteja wao.

Mimi navutiwa zaidi na vile vichafu. Mtafiti Kathryn Rudy alipima kwa kifaa kiwango cha uchafu wa vidole kwenye kurasa za vitabu vya sala, akaonyesha ni sala zipi wenye navyo walizirudia na zipi hawakuzigusa. Katika misale, picha ya Msalaba inayokabili sala kuu ya Misa imefutika miguuni kwa sababu padre aliibusu kila alipoadhimisha. Mafundi wakapata suluhisho: wakachora msalaba mdogo chini kabisa ya ukurasa, wa kubusiwa, ili picha ipone. Huo ndio usanifu ninaouelewa, wa kujua mtumiaji atafanya nini na kumwekea mahali pa kukifanyia.

Gutenberg, mwanzilishi wa uchapaji kwa mashine Ulaya, alipochapa Biblia yake huko Mainz, ikakamilika karibu mwaka 1455, alijaribu kurasa za mwanzo kuchapa vichwa kwa wino mwekundu. Ilimlazimu kupitisha karatasi mara mbili kwenye mashine, akaacha. Badala yake aliacha nafasi wazi na kuchapa orodha ya kumwongoza atakayejaza kwa mkono. Mnunuzi alichukua karatasi zisizojalidiwa akazipeleka kwa mchoraji wa mji wake, kwa kadiri ya mfuko wake. Nakala ya Göttingen, Ujerumani, ilipata bahati: mji huo unatunza pia kijitabu cha mafundi cha karne hiyohiyo, kinachoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuchora majani ya kujikunja na rangi zipi zifuatane, na majani ya Biblia ile yanafanana na ya mwongozo. Vyote viwili vimewekwa mtandaoni. Anayetaka kuanza kuiangalia miswada hii aanzie hapo, na kijitabu kwanza. Mwanangu wa darasa la sita alifuata hatua zake kwa rangi za maji za shule, na jani lilitoka.